Mulembwa Bila Bikarbonati

Watoto wangu wananicheka kwamba sijui kupika mulembwa. Ni yale majani ya utelezi tunayokula na bukari, ugali wetu, na kila mama wa Kolwezi anajua kwamba ukitaka yavutike vizuri unatia kijiko kidogo cha bikarbonati. Mimi sitii. Mulembwa wangu ni mwepesi, unakimbia huku na huku kwenye sahani, na mkwe wangu mmoja aliwahi kusema, kwa heshima zote, kwamba ni supu nzuri. Nimewaacha wacheke. Mtu mwenye umri wangu anaruhusiwa ukaidi mmoja au miwili jikoni, na hakuna aliyewahi kuniuliza sababu akingoja jibu, mpaka juzi Ngalula alipokuja.

Ngalula ni binti ya Tata Mukendi, Baba Mukendi kama tunavyosema kwetu, mfamasia aliyenifundisha kazi. Mara ya mwisho nilikuwa nimemwona akiwa na miaka kumi, ameketi juu ya furushi la nguo pale stesheni. Sasa ni mama mwenye miwani inayoning'inia shingoni, anafundisha kemia huko Kasai, na alikuwa ametoka kumzika baba yake. Alialikwa Kolwezi kuzungumza na wauguzi juu ya kazi ya maabara yake, na alipomaliza akauliza njia mpaka akafika mlangoni kwangu. Tulikumbatiana, tukamlilia Tata Mukendi kama inavyotakiwa, kisha akatoa simu akanionyesha picha ya kitu cha manjano, laini, kinachopitisha mwanga, kinakaa juu ya ncha ya kidole. Alikiita hidrojeli. Akanieleza kwamba kinashika maji mengi bila kumwagika, na ndani yake wanaweka dawa waliyoitoa kwenye mizizi ya manjano. Ukikiweka karibu na uvimbe wa kansa kinaiachia ile dawa kidogo kidogo, siku hata siku. "Iko ku bapanya tu, mama," alisema. "Hatuyaponyesha muntu." Nilimpenda kwa kukiri bila kuulizwa kwamba bado wanajaribu kwa panya tu, hawajamponya mtu. Kisha akasema, "Papa alikuwa anatengenezaka hii na weye. Nataka unielezee ule mwaka." Nikamwambia akae jikoni, nichume mulembwa, tutaongea wakati sufuria iko motoni. Mengi nilimweleza. Moja nililiruka, na ndilo alilokuwa amelifuata.

Ule mwaka mimi nilikuwa msaidizi wa farmasi katika hospitali moja ya hapa, ambayo jina lake halisaidii kitu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilijiona najua sana. Kampuni ya migodi ilikuwa inakufa polepole, mashine moja baada ya nyingine, na hospitali ilikuwa inakufa pamoja nayo kwa sababu dawa zilikuja kwa njia zilezile za vipuri vya mashine. Farmasi yetu ilikuwa chumba kirefu chenye rafu za mbao hadi dari. Kufikia mwanzo wa mvua, robo tatu ya chupa za rafu zile zilikuwa tupu, lakini Tata Mukendi alinifanya nizipanguse vumbi kila Jumatatu na kuzigeuza vibandiko vitazame mbele, mstari mmoja, kama zamani. Nilimuuliza kwa nini tunapangusa chupa tupu. Alijibu kwamba siku dawa zitakaporudi hatutaki zikute nyumba chafu. Koti lake jeupe alilipiga wanga wa muhogo na pasi ya makaa, na saa sita alitandika gazeti juu ya meza ya mizani tukala bukari na samaki wakavu, yeye na mimi, bakuli moja. Aliniita "mademoiselle", yaani bibie kwa Kifaransa, hata nilipokuwa nimevunja kitu.

Mke wake, Mama Ntumba, alikuwa na kansa ya titi. Daktari wa Lubumbashi alikuwa amemwambia kwamba kukata kumechelewa. Ile kansa ilitoboa ngozi ikawa kidonda, na kidonda kikaanza kunuka. Nitasema kama ilivyokuwa, maana wanaolizungukazunguka jambo hili hawajawahi kumuuguza mtu wa namna hiyo: harufu ndiyo iliyomtesa kuliko maumivu. Ilitangulia mlangoni kabla yake. Mama Ntumba aliacha kwenda kanisani, akaacha kula mezani. Alihamishia mkeka wake kwenye chumba cha gunia la unga, na Ngalula, ambaye ndiye alikuwa kitinda mimba wake, alikatazwa kumkaribia. Siyo baba aliyekataza. Mama mwenyewe alimfukuza mtoto kwa mkono, kama unavyofukuza kuku, kisha yeye mwenyewe unamsikia analia ndani.

Wakati huohuo watu wenye asili ya Kasai walikuwa wameanza kuambiwa waende kwao. Kwao! Tata Mukendi alizaliwa Kolwezi, na baba yake alikuja na reli. Mwanzoni yalikuwa maneno ya baa na ya kisimani, halafu yakawa maandishi ukutani, halafu nyumba zikaanza kuchomwa. Waliofukuzwa walikusanyika stesheni na kungoja mabehewa ya mizigo. Ilijulikana wazi jinsi safari ile ilivyokuwa: watu wamebanana ndani ya behewa la chuma siku baada ya siku, mlango umefungwa nusu. Na ilijulikana pia kwamba mgonjwa mmoja aliyeharisha alishushwa porini na wenzake waliochoka kuvumilia. Mama Ntumba alisikia habari hiyo kutoka kwa jirani, akamwambia mume wake, mimi nikiwa pale nimeleta pamba: "Mi batanitupa mu pori, tata. Mbele ya batoto." Alikuwa anajua atakufa, hilo hakulijadili. Alichotaka ni kukaa kati ya watu mpaka afike, na kama hafiki, basi afe huku mtoto wake amemshika.

Hapo ndipo Tata Mukendi alipoanza kutengeneza dawa ya kupaka tuliyoiita pomade ya mulembwa. Unga wa dawa wa kuua harufu ulikuwa umekwisha miezi mingi, na kitambaa kikavu kikiwekwa juu ya kidonda kile kilinata, na ukikibandua kilitoka na nyama. Alihitaji kitu chenye maji kisichonata, kitakachoshika dawa na kuitoa taratibu. Alikipata kwenye sahani yetu ya saa sita, siku dada yangu aliponifungia mulembwa. Aliuvuta kwa uma, akautazama unavyoning'inia, akaacha kula. Kuanzia siku hiyo tuliloweka majani mabichi kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, tukakamua utelezi kupitia shashi, tukauchanganya na wanga wa muhogo uliopikwa ukawa mzito. Manjano tuliyaloweka peke yake kwenye alkoholi, kwa maana rangi yake na dawa yake havikubali maji matupu, kisha tukayatia tone kwa tone huku tunakoroga. Ilitoka laini na ya manjano kama kiini cha yai. Friji ilikuwa inawaka siku inayotaka, kwa hiyo tulitengeneza kidogo, kila baada ya siku mbili. Kanuni yake ilikuwa moja na aliirudia mpaka nikachoka: "Usiongeze kitu, mademoiselle. Hata kama inakukatalia."

Manjano yalitoka kwa Tata Sefu, mfanyabiashara Mwislamu ambaye wazee wake walitoka upande wa Kasongo, na ambaye malori yake yalikuwa bado yanatembea. Mara ya kwanza nilimweleza ni ya mgonjwa wa nani, kwa sababu sikutaka ajue baadaye akasirike. Aliyafunga kwenye karatasi, akaangalia kushoto na kulia. "Kamata," alisema. "Ata mi balianza kuniuliza kwetu ni wapi."

Baada ya wiki moja hivi harufu ilipungua, na baada ya wiki mbili ilibidi uiname juu ya kidonda ndipo uisikie. Uvimbe haukupungua, na Tata Mukendi hakujidanganya: aliupima kwa kamba kila Jumapili na kamba haikufupika. Lakini Mama Ntumba alitoka kwenye chumba cha unga. Nilikuwepo siku aliporudi mezani. Mama yake mzazi, ambaye wote tulimwita Nkambo, alimsogezea kiti, mume akaomba sala fupi, na Ngalula akasimama mlangoni hajui kama anaruhusiwa. "Kuya," mama yake alisema, akajipigapiga mapajani. "Kuya, sinuke tena." Mtoto alikimbia akagonga meza, mchuzi ukamwagika, na hakuna aliyegombeza. Mimi nilijifanya natafuta kitambaa cha kupangusia, maana nilikuwa nalia.

Sasa nifike kwenye upande wangu. Nilikuwa nakaa mtaa wa Kasulo kwa dada yangu na mume wake, nyumba ya vyumba viwili ambayo siku hizi chini yake kuna shimo la kobalti na juu yake hakuna nyumba. Shemeji yangu hakuwa mtu mbaya. Hakuchoma nyumba ya mtu. Lakini mezani nilimsikia akimwambia dada yangu habari zangu mimi Odette, wakidhani niko uani: "Uyu farmasien wa Kasai akienda, Odette njo atakamata mafunguo. Itakuwa muzuri kwetu." Dada yangu akasema, "Ni kweli," akauliza kama chumvi inatosha. Sikuingia kuwagombeza. Nilisimama na ndoo yangu, na ukweli ni kwamba nilijiona nimekaa kwenye kiti cha Tata Mukendi, kile cha karibu na dirisha la farmasi, na funguo mfukoni. Haikuchukua muda zaidi ya kumeza mate, lakini ilikuwapo, na ndiyo maana yaliyofuata yameniuma hivi.

Vijana walikuja na orodha wakakaa kwenye lango la hospitali, na wafanyakazi wa Kasai wakarudishwa nyumbani. Tata Mukendi alinitumia neno: treni ingekuja Alhamisi, Nkambo na wote wangeondoka nayo, nitengeneze pomade ya safari, ya kutosha. Ilikuwa Jumanne. Nilifunga mlango wa farmasi nikaanza kazi peke yangu. Majani yalikuwa ya mwisho wa msimu, magumu, na utelezi wake ulikuwa kama maji ya kuoshea mikono. Nilikoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Wanga ulikataa, manjano yalishuka chini yakakaa kama mchanga. Nikawaza treni, nikawaza Mama Ntumba anaipokea chupa yenye maji, nikawaza kwamba watu watasema binti huyu amekabidhiwa farmasi na hata pomade imemshinda. Na mkono wangu, ambao ulikuwa umepika mulembwa tangu nikiwa mtoto, ukaenda wenyewe kwenye kopo la bikarbonati. Nilitia kijiko. Nikaweka motoni, kama nyumbani. Ikakamata! Ikavutika vizuri sana, na manjano yakageuka rangi nyekundu kama udongo wa barabara zetu. Nilidhani ni nguvu ya dawa. Nilijaza chupa mbili nikazifunga kwa kitambaa chenye maji, nikazipeleka mwenyewe, na njiani nilikuwa natembea kwa maringo.

Kemia yake Ngalula anaieleza vizuri kuliko mimi: bikarbonati iliharibu dawa ya manjano, na moto ukaigeuza bikarbonati yenyewe kuwa kitu kinachounguza. Mimi niliyajua haya kwa macho. Jumatano asubuhi nilipopita pale, Mama Ntumba alikuwa anatetemeka, kitambaa mdomoni asipige kelele, na kidonda kilikuwa kinatoka damu pembeni kote. Damu haikukatika vizuri mpaka Alhamisi jioni. Hakuna ambaye angempandisha kwenye behewa hali ile. Nkambo aliondoka na treni ya Alhamisi pamoja na dada yake Mama Ntumba, wakitumaini kuwangojea wengine Kasai. Hawakuonana tena. Nkambo alizikwa huko wiki chache baadaye.

Lakini kabla ya Alhamisi kulikuwa na ile Jumatano, uani kwa Tata Mukendi. Majirani wa Kasai walikuwa wamejaa, mizigo imefungwa, hasira juu ya hasira. Mama mmoja alinionyesha kidole, maana alijua kwetu ni Sandoa, si Kasai. "Uyu mwana ya Sandoa! Alimutilia sumu. Anataka nafasi ya mukubwa yake!" Wanaume wawili wakasimama, mmoja akafunga geti. Tata Mukendi alikuwa ametoka ndani na chupa mkononi. Alikuwa ameiona rangi. Mfamasia wa miaka ile yote hahitaji kuambiwa. Aliniuliza kwa sauti ya chini, kama tuko kwenye meza ya mizani: "Ulitia nini umu?"

"Bikarbonati," nikasema. "Ilikuwa inakataa kukamata, tata. Njo vile tunatiaka ku mulembwa."

Alinitazama. Sijui alitafuta nini usoni kwangu, na niliogopa angekipata kile kiti cha karibu na dirisha. Kisha akawageukia wale watu akainua chupa. "Mi njo nilichanganya," alisema kwa sauti kubwa. "Nilimupa yee alete tu. Nilikuwa na haraka, nikakosea. Muache mwana wa benyewe." Yule mama akaanza kumlaumu yeye, mfamasia gani anaunguza mke wake mwenyewe, na yeye akakubali kila neno. Geti likafunguliwa. Nami nilitoka. Sikusema kitu. Nimekuwa nikijiambia kwamba wangenipiga, na kweli wangenipiga. Lakini siku zilizofuata hakuna aliyekuwa ananisubiri na fimbo, na bado sikusema, wala kwa Mama Ntumba.

Nyumba yao ilichukuliwa Ijumaa ile. Walikaa karibu na stesheni wiki tatu, chini ya shiti la plastiki, na kila baada ya siku mbili nilikwenda na chupa ndogo. Majani mabichi niliyafuata kwa miguu mpaka bustani za ng'ambo ya Kingamyambo, nje ya mji, na sikuongeza kitu. Kidonda kikatulia tena. Siku ya kuondoka niliwapa chupa sita ndani ya ndoo ya maji. Mama Ntumba alipanda behewa kwa miguu yake, akakaa katikati, mwanamke mmoja upande huu na mwingine upande ule, na hakuna aliyesogea mbali naye. Tata Mukendi alinipa mafunguo, akayafunga mkononi mwangu kwa mikono yake miwili. "Uoshe machupa na maji ya kuchemusha," alisema. "Na bikarbonati uache ku manyumba." Alitaka nicheke. Nilizitia funguo mfukoni.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikimweleza Ngalula jikoni, isipokuwa kile kijiko na lile geti. Nilisema tu, "kisha mama yako akaungua." Nikaweka bukari mezani, nikamimina mulembwa, tukanawa mikono. Aliniambia mama yake alifika mpaka Mwene-Ditu, ndani ya Kasai. Alifia ndani ya behewa asubuhi, na Ngalula alikuwa amelala mapajani mwake. "Bale bamama wa kando hawakujua kama alikuwa na kidonda," alisema. "Balijua njo wakati ya kumuosha." Kisha akasema kwamba alisomea kemia kwa ajili ya chupa ile nyekundu, na huko akajua ni bikarbonati iliyoigeuza rangi, na kwamba alimchukia baba yake kwa ajili yake pia. Kwa chupa ile Nkambo alisafiri bila binti yake. Miaka yote alimuuliza ilikuwaje, na jibu lilikuwa moja: nilikuwa na haraka. Alipougua mara ya mwisho, Ngalula alichelewa kwenda. Alisema hivyo akiangalia sahani, "Nilichelewa makusudi."

Alimega tonge, akachovya, akala. Akachovya tena. Akainua vidole, na mulembwa ukamdondoka kama maji.

"Mama, hii haina bikarbonati."

"Haina."

"Papa hakukuwa anajua kupika ata chai," alisema polepole. "Nilikuwa najiulizaka, ile wazo ya bikarbonati aliitoa wapi."

Nikaweka tonge langu chini. Nikamwambia, "Ngalula, ni mi. Ni mi nilitia. Papa yako alinifunikia mbele ya bantu, na mi nilinyamaza."

Alikula mpaka sahani ikaisha, tonge kwa tonge, huku machozi yanashuka na yeye hayapangusi. Kisha alinawa mikono, akaifuta vizuri kidole kimoja kimoja, akasema treni ya Kasai inaondoka Alhamisi kama haitaharibika, na kwamba nifunge nguo. Nikamuuliza nakwenda kufanya nini, baba yake yuko kaburini. "Utamwambia pale ku kaburi, mbele yangu," alisema, "kwamba ni weye ulikosea, yee hapana. Kisha na mi nitamwambia yangu." Nimekwisha kufunga nguo. Watoto wangu wanauliza mzee kama mimi anakwenda Kasai kutafuta nini, na safari hii nimekaa nao mezani nikawaeleza.